Gereji ya magari ya utalii Arusha: malipo ya masika tuyapangeje?

Wakuu, naomba ushauri. Gereji iko Unga Limited, wateja ni kampuni ndogo za utalii. Aprili na Mei wageni hupungua, ndipo Landcruiser huletwa kufumuliwa: springi, bushi, shokapu, beringi. Vipuri dukani ni taslimu, ila mteja hulipa Julai au Agosti, wageni wakishaingia. Korona ya 2020 ilionyesha hatari yake: wageni wakikatika, deni nalo linakufa.

Nafikiria mteja alipie vipuri vyote kwanza, ufundi tu ndio ukopeshwe, kwa hati iliyosainiwa. Pia kuongeza matengenezo ya pampu za umwagiliaji na mashine za kumenya kahawa. Tatizo, za kahawa hutakiwa kabla ya mavuno, zitagongana na magari. Anayefanya hivi, unagawaje mafundi? Na dhamana mnashika nini, kadi ya gari?