Tao la askari wetu: majina yachongwe kwenye mawe yenyewe?

Mleta hoja: Wanajamii wanachanga kujenga tao la mawe la kuwakumbuka wenzao waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wamegawanyika: majina yachongwe kwenye tao, au yawekwe kwenye vibao? Mnasemaje?

Mwashi: Vibao. Tao husimama kwa kubanana, jiwe kwa jiwe, huku likiisukuma miguu yake kwenda nje. Mguu mmoja ukititia au ukisogea hata kidogo, ufa hufunguka chini ya jiwe la kati na kukata jina la mtu. Kibao kikivunjika unabadilisha kimoja. Jiwe la tao likivunjika, mnarudisha mbao za kulishikilia tao zima. Ila msivifunge kwa nondo za kawaida. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua jiwe kutoka ndani.

Mtetezi wa kuchonga: Fundi, kibao cha shaba kinang'olewa usiku mmoja na kuuzwa chakavu. Chongeni kwenye nguzo, ambako uzito unashuka chini. Herufi za sentimita 2.5, mfereji wa umbo la V ili kivuli kizisomeshe, zisipande juu ya kimo cha mtu.

Mwashi: Nguzoni nakubali. Lakini nusu mita ya chini iachwe tupu: unyevu hupanda kutoka ardhini na chumvi yake humenya uso wa jiwe.

Mtunza nyaraka: Mnabishania herufi na orodha haijakamilika! Lango la Menin, tao la ukumbusho wa vita hivyo kule Ypres, Ubelgiji, lililozinduliwa 1927, lina majina zaidi ya 54,000, na nafasi haikutosha. Mengine karibu 35,000 yakaenda Tyne Cot, makaburi ya askari yaliyo karibu na hapo. Kwetu kosa ni kubwa zaidi. Sanamu za Nairobi za 1928 zinamwonyesha mpagazi pamoja na askari, lakini marehemu hawakuandikwa majina. Na wapagazi ndio waliokufa wengi, kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo: bandikeni orodha hadharani kabla ya patasi kugusa jiwe, familia zisahihishe tahajia. Pangeni kwa kijiji, si kwa cheo, na kila kijiji kiachiwe mistari mitupu.

Mleta hoja: Na waliopigania Wajerumani?

Mtunza nyaraka: Waandikwe, tena orodha ile ile. Wengi, pande zote mbili, walichukuliwa kwa nguvu. Kuwatenga leo ni kuwaonea mara ya pili.

Mtetezi wa kuchonga: Hapo sikubali upesi. Wazee wa kila kijiji waulizwe kwanza.