Montreal 1976: Je, Tanzania ilimdhulumu Filbert Bayi? Karibuni tujadili

Wakuu, salaam kutoka Mwanza.

Tangu Alphonce Simbu ashinde dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo, Septemba 2025, vijiwe vya huku kwetu vimerudi kuzungumza riadha, na mazungumzo yakinoga lazima yafike kwa Filbert Bayi. Hapo ndipo watu wanapogawanyika. Wapo wanaosema Serikali ya Mwalimu Nyerere ilimnyang'anya dhahabu ya Olimpiki ilipoamua kususia Montreal mwaka 1976. Wengine wanasema hakukuwa na njia nyingine. Mimi nafundisha watoto mbio za mita 800 na 1500 huku Ilemela, na msimamo wangu nausema mapema: kususia kulikuwa sahihi, Bayi aliumia, na deni lake halijalipwa. Sioni kwa nini nilazimishwe kuchagua moja kati ya hayo.

Kwa vijana wanaomjua kwa jina tu. Bayi ni mtoto wa Karatu, amezaliwa 1953, akawa askari wa JWTZ. Mwaka 1973 kule Lagos, kwenye Michezo ya Afrika, alimshinda Kipchoge Keino mwenyewe katika mita 1500. Kisha ikaja Februari 2, 1974, fainali ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand. Mbio za kati kwa kawaida ni za kuviziana: watu wanajibana katika kundi, kila mmoja anamsubiri mwenzake, halafu mzunguko wa mwisho ndio wanafyatuka. Bayi hakusubiri mtu. Bunduki ilipolia alishika uongozi, akawaacha wenzake nyuma sana, na alipokaribia mwisho John Walker akawa anamfukuzia huku uwanja wa nyumbani kwao ukimshangilia. Hakumpata. Bayi 3:32.16, Walker 3:32.52. Wote wawili walipita chini ya rekodi ya dunia ya Mmarekani Jim Ryun, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967.

Mei 1975, Kingston, Jamaica, akachukua na rekodi ya maili kwa 3:51.0. Walker akaivunja Agosti mwaka huohuo kwa 3:49.4. Lakini ile ya mita 1500 ilikaa mpaka Sebastian Coe alipoivunja mwaka 1979, na kama rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola ilidumu hadi Birmingham 2022. Miaka 48! Wanafunzi wangu wakisikia hivyo wanadhani nimechanganya miaka.

Kwa hiyo dunia nzima ya riadha ilikuwa inasubiri Bayi na Walker wakutane Montreal. Wakati huo timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda Afrika Kusini, nchi iliyotawaliwa kwa ubaguzi wa rangi, ilhali damu ya wanafunzi wa Soweto, walioanza kupigwa risasi Juni 16, haijakauka. Nchi za Afrika zikataka New Zealand iondolewe kwenye Olimpiki. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, hoja yake ikiwa kwamba raga haikuwa mchezo wa Olimpiki. Zaidi ya nchi 20 za Afrika zikasusia, Tanzania ikiwemo, na Walker, raia wa nchi ileile iliyolalamikiwa, akatwaa dhahabu ya mita 1500 kwa 3:39.17. Muda huo ni wa taratibu kwa sababu fainali ilikuwa ya kuviziana. Bayi angekuwepo isingekwenda vile. Kama angeshinda, huo ni mjadala mwingine, lakini mwendo wa mbio ile ungeamuliwa na yeye.

Huo ndio msingi. Karibuni.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu wa Buhongwa anasema siasa isichanganywe na michezo. Kaka, Afrika Kusini ya wakati ule ilikuwa inachagua timu ya taifa kwa rangi ya ngozi. Siasa ilikuwa imeshaingia uwanjani kabla Afrika haijasema neno. Na Tanzania haikuwa mtazamaji: Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963. Tungewahifadhi vipi wapigania uhuru, halafu tukapeana mikono na waliokwenda kucheza na Makaburu? Tena susio lile lilizaa matunda. Mwaka uliofuata, 1977, viongozi wa Jumuiya ya Madola walikubaliana kule Gleneagles, Scotland, kuzuia uhusiano wa kimichezo na Afrika Kusini, na nchi hiyo haikurudi Olimpiki mpaka 1992, ubaguzi ulipokuwa unavunjwa.

Dada wa Nyegezi amekumbusha kwamba Bayi aliugua malaria karibu na michezo ile, kwa hiyo pengine Walker angemshinda tu. Ni kweli habari za malaria zimeandikwa. Sisi wa kando ya ziwa tunajua malaria inavyomaliza miguu ya mkimbiaji. Lakini kushindwa uwanjani ni haki ya mwanariadha. Bayi alinyimwa hata nafasi ya kushindwa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya mzee mmoja wa Igoma: "Mbona 1980 tulikwenda Moscow?" Shikamoo mzee, umegusa penyewe. Mwaka huo Marekani iliitaka Afrika isusie kwa sababu Wasovieti, wenyeji wa michezo, walikuwa wameivamia Afghanistan, ikamtuma Muhammad Ali kuja kutushawishi. Alianzia Dar es Salaam, na Mwalimu hakukubali kuonana naye. Kenya ikasusia, sisi tukaenda. Wengine wanauona huo ni undumilakuwili. Mimi naona ni msimamo uleule: mara zote mbili Tanzania iliamua yenyewe, haikuamuliwa na mkubwa. Na matunda ya uamuzi wa pili tunayo mpaka leo. Bayi, akiwa amehamia mita 3000 kuruka viunzi na maji, aliongoza tena kwa kasi yake ileile ya ukaidi, akapitwa na Bronisław Malinowski wa Poland katika mzunguko wa mwisho, akapata fedha kwa 8:12.48. Suleiman Nyambui, mtu wa Majita, jirani zetu wa ziwa hilihili upande wa Musoma, akapata fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Medali za Olimpiki za Tanzania hadi sasa ni hizo mbili tu.

Sasa deni. Mbunge au waziri wa 1976 angeweza kusubiri uchaguzi mwingine. Bayi alikuwa na miaka 23, na miaka ya kilele katika mita 1500 haisubiri. Kama tunawahesabu waliotoa mchango katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, yeye na wenzake wa timu ile wawekwe humo, wafundishwe madarasani pamoja na Soweto. Na deni lilipwe pia kwa mbio zenyewe. Mkoani kwetu tuna Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba. Tuna mbio za barabarani zenye fulana nzuri na wadhamini. Lakini mtoto mwenye kipaji cha mita 1500, UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ikiisha, anarudi nyumbani na hana shindano la maana la uwanjani mpaka mwaka ujao. Nawaona kila msimu, inaniuma.

Wewe unayesema hakuna deni lolote, nijibu hili kwanza: mwanao ana miaka 23, ana rekodi ya dunia, anaambiwa asiende Olimpiki kwa ajili ya watoto wa Soweto. Najua ungemwambia atii, hata mimi ningemwambia. Je, usingeidai nchi chochote baadaye?