Naomba ushauri: silinda, pistoni na kamshafti za YZ450F kwenye injini ya kwadi YFZ450

Mtundu wa Spana
Wakuu, habari za muda huu. Nina kwadi, pikipiki ya magurudumu manne, Yamaha YFZ450 ya 2005, naijenga upya. Fremu nimeshapaka rangi, mikono ya mbele nimeirefusha, imebaki injini. Sehemu ya juu ilikuwa imechoka, moshi mtupu. Nimepata silinda, pistoni na kamshafti zote mbili (zile zinazofungua vali) za pikipiki ya motokrosi, Yamaha YZ450F ya mwaka huohuo. Hedi nabaki na ile ya kwadi. Swali langu ni moja tu: vitaingia bila kuchonga kitu? Na petroli ya kawaida itatosha? Naomba majibu ya haraka, mdogo wangu anaisubiri Jumamosi na mimi usiku wa tatu huu sijapata usingizi wa maana.

Gia ya Tano
Vitaingia, mkuu. Hizo injini ni ndugu wa damu. Zote kipenyo cha silinda ni milimita 95, vali tano. Tofauti ni kwamba ya kwadi ilipunguzwa makali: mgandamizo 11.9 kwa 1, ya motokrosi 12.5 kwa 1. Ndiyo maana petroli hafifu itakugongea, weka ile yenye okteni ya juu. Uwe makini tu na mwaka. YZ450F ya kuanzia 2010 ni mnyama mwingine kabisa, hedi imegeuzwa nyuma mbele na vali zimebaki nne. Hata YFZ450R iliyokuja 2009 usiichanganye na yako.
Umepima nafasi kati ya vali na pistoni?

Mzee wa Fremu
Kijana wangu, mbona unajisumbua na vipande? Ungetafuta injini nzima. Mimi niliweka ya pikipiki ya Honda CR500R kwenye fremu ya Honda TRX250R, zile kwadi zilizotengenezwa 1986 hadi 1989. Cc 491, mipigo miwili, silinda moja. Kuikalisha kwenye fremu haikuwa kazi, kazi ilikuwa mambo madogomadogo. Mkono wa kiki uligonga pale pa kukanyagia, ikabidi niukunje kwa moto. Rejeta ya pikipiki haikutosha, maana kwadi ni nzito na tairi pana zinaivuta injini muda wote. Umeme wa magneti ulikuwa wa kuwashia plagi tu, taa hakuna.
Halafu sproketi. Tairi la nyuma la 110/90-19 lina kipenyo cha karibu milimita 680, la kwadi la inchi 20 ni 508. Kwa hiyo kama pikipiki ilikuwa na 13 mbele na 50 nyuma, kwenye kwadi mwendo uleule unaupata kwa 13 na 37. Nikafunga 40 kwa sababu ya uzito. Ile kwadi ilinifundisha subira kuliko kitu chochote nilichowahi kushika.

Mtundu wa Spana
Shikamoo mzee, nashukuru, ila injini nzima sikuuliza. Uamuzi wa kutumia vipande nimeshaufanya na nina sababu zangu. Chini ya injini yangu ni kuzima na kuna stata, siwezi kuitupa.
@Gia ya Tano, nafasi niliiangalia.
Swali jingine dogo, kwa ujumla tu: stata ikibonyezwa halafu juu kukasikika tak tak tak kavu, huwa ni nini?

Dada Klachi
Uliiangalia au uliipima? Na hakuna "kwa ujumla" kwenye tak tak tak. Injini ya nani hiyo inayogonga?

Mtundu wa Spana
Ya jamaa yangu mmoja.

Sumaku
Wadau, hii chai. Mwanzo vipuri viko mezani vinasubiri ushauri. Sasa kuna stata inabonyezwa na jamaa hana jina. YZ450F ya 2005 inawashwa kwa kiki, stata waliiweka 2018. Mtu anatunga uzi apate watu wa kuongea nao usiku. Tunampa mahesabu ya sproketi bure.

Baba Kofia
Iwe chai isiwe chai, mimi nauliza kuhusu huyo mdogo wako. Ana umri gani? Ana kofia ngumu, buti, kinga ya shingo? Kwadi hiyo haina gia ya kurudi nyuma na haimsubiri mtu ajifunze. Mnahangaika na mgandamizo, hakuna aliyeuliza atakayekalia.

Gia ya Tano
Sumaku, subiri kwanza. YFZ450 ina stata tangu ilipotoka 2004. Stata iko kwenye injini ya chini, na chini ni ya kwadi. Hajakosea hapo. Ila kama stata ni ya kwadi, basi injini inayogonga siyo ya jamaa.

Mtundu wa Spana
Sijatunga. Ni yangu.
Niliifunga juzi, saa nane usiku. Nilipokuwa nazungusha kranki kutafuta alama ya juu kwenye magneti, taiming cheni, ile inayozungusha kamshafti, ililegea ikadondoka ndani, nikaivuta kwa waya. Alama za kamshafti nilizilinganisha kwa jicho, tochi mdomoni. Sikuizungusha kwa mkono. Nilibonyeza stata moja kwa moja. Ilizunguka kama sekunde tatu, tak tak tak, nikaachia. Tangu hapo sijaigusa.
Niliogopa kusema kwa sababu nilijua mtaniambia nifungue. Lakini huenda ni kikaza cheni tu hakijajaa. Nilipanga jioni hii nibonyeze mara moja tena nisikilize vizuri. Mdogo wangu ana miaka 24, vifaa vyote anavyo, @Baba Kofia.

Dada Klachi
Usibonyeze! Toa waya wa betri sasa hivi, kabla hujasoma sentensi inayofuata.
Kisha toa plagi, weka spana kwenye kranki, zungusha taratibu. Ikikataa, usilazimishe, hapo ni chuma kimekutana na chuma. Fungua kifuniko cha juu, rudisha magneti kwenye alama, tazama vitone vya kamshafti vimelala usawa wa hedi au vimepanda. Hata ukikuta ni jino moja, hedi itoke. Vali iliyoguswa na pistoni inaweza kupinda kidogo sana, macho yasione. Igeuze hedi, mimina petroli kwenye matundu ya kuingizia na ya kutolea moshi, usubiri. Vali nzima haivujishi.
Ukirudisha, bandika vipande vya plastisini juu ya pistoni, funga, zungusha mara mbili kwa mkono, fungua, kata upime unene. Nafasi za vali, kwa milimita: za kuingiza 0.10 hadi 0.15, za kutoa 0.20 hadi 0.25. Kwa fila (vile vibati vyembamba vya kupimia), siyo kwa jicho.

Mzee wa Fremu
Mficha uchi hazai, mwanangu. Ungesema mwanzo nisingekuchosha na habari za sproketi.

Sumaku
Neno la chai naliondoa. Cheni kudondoka na kuvutwa kwa waya, hilo limenipata na mimi. Fungua, tunakusubiri.

Mtundu wa Spana
Nimefungua. Kamshafti ya kutolea moshi ilikuwa imekosea meno mawili. Juu ya pistoni kuna alama mbili za mwezi mchanga, kila moja kama ukucha wa kidole kidogo. Nikizipitishia kidole nasikia ukingo. Petroli nimeimimina: upande wa kuingiza pakavu kabisa, upande wa moshi vali moja inadondosha tone baada ya tone, ya pili imelowa pembeni.
Nimempigia mdogo wangu nikamwambia Jumamosi haitawezekana. Alinyamaza kidogo, akasema sawa kaka.
Naagiza vali mbili za moshi na gasketi. Ukingo wa zile alama nitausawazisha kwa msasa laini, au pistoni nayo itoke? Na sili za vali nibadilishe hizo mbili tu?

Dada Klachi
Kama alama ni za juujuu, sawazisha ukingo, osha, pima tena kwa plastisini. Zikizama ukucha ukakwama, pistoni itoke. Sili badilisha zote tano, hedi tayari iko mkononi mwako.