Wauzaji wa michoro ya masweta ya wanyama, mnatuuzia picha zisizofumika

Ndugu zangu wafumaji, salamu kutoka Kigoma. Naandika kwa hasira na sitaificha, kwa sababu fedha niliyonunulia mchoro wa sweta lenye sokwe kifuani niliitolea jasho, na uzi ulioharibika kwa ajili ya mchoro huo sikuuokota njiani.

Mchoro wenyewe umechorwa kwenye karatasi ya miraba, kila mraba ukiwa kitanzi kimoja, na miraba hiyo ni sawa pande zote nne. Yeyote aliyewahi kushika sindano za kufumia anajua kwamba kitanzi hakiko hivyo, kwani upana wake huzidi kimo chake. Kipimo alichokiandika muuzaji mwenyewe juu ya karatasi yake ni vitanzi 22 kwa upana na mistari 30 kwenda juu katika kila sentimita 10. Sasa chukueni kalamu mpige hesabu: sokwe wa miraba 66 kwa 66 anatoka na upana wa sentimita 30, lakini kimo chake kinaishia sentimita 22. Kwenye karatasi ameketi wima, anapendeza. Kwenye sweta ni kama chura aliyekanyagwa. Ili picha ibaki na umbo lake ilihitaji mistari 90, na hesabu hiyo ilikuwa kazi ya mchoraji kabla hajaanza kudai malipo.

Maelezo ya kufuma nayo ni balaa. Tunaambiwa tuuvute uzi mweusi nyuma ya kazi kuanzia ubavu mmoja hadi mwingine, katika kila mstari, wakati sokwe yuko katikati peke yake. Uzi ukirukishwa nyuma ya vitanzi vinne au vitano hauna shida. Ukirukishwa zaidi ya hapo bila kunaswa na uzi unaofumia, unaning'inia, vidole vinakwama mtu anapovaa, na kifua cha sweta kinajikunja. Picha kubwa ya namna hii hufumwa kwa vidonge vidogo vya uzi, kila eneo la rangi na kidonge chake, na pale rangi mbili zinapokutana nyuzi husokotwa mara moja ili pasibaki tundu. Kwenye karatasi niliyouziwa hakuna hata sentensi moja inayogusia jambo hilo.

Halafu kuna mkia. Mchoro umepewa jina la sokwe wa Gombe, na mnyama aliyechorwa ana mkia mrefu uliopinda hadi begani! Gombe ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1968, na sifa yake duniani inatokana na sokwe, ambao hawana mkia kabisa. Wenye mikia kule ni nyani na kima. Mteja wangu wa Kasulu, ambako baridi ya asubuhi inamlazimu mtu kuvaa sweta, alilitazama mara moja tu akaniambia, "Mama, mimi niliagiza sokwe, huyu ni nyani." Nilikosa la kumjibu.

Nilipomweleza muuzaji, alinijibu kwamba mkono wangu unakaza uzi. Nilifuma kipande cha majaribio, nikakiosha, nikakikausha kikiwa kimelazwa, nikakipima kwa rula, na kipimo kikalingana na chake. Kumsingizia mfumaji ili kukwepa kurudisha fedha ni dharau ambayo siwezi kuivumilia, hasa kwa wanawake wengi ambao sweta moja likikataliwa na mteja, mtaji wa uzi wa sweta linalofuata unakuwa umekwenda.

Namtaka anirudishie fedha yangu, aondoe mchoro huo sokoni, na kabla ya kuuza mwingine atuoneshe picha ya sweta lililokwisha kufumwa kutokana nao, mbele na nyuma. Kama kuna mwenzangu aliyenunua mchoro huohuo, naomba aweke hapa picha ya upande wa ndani wa sweta lake.