Mjadala: Bima ilipie mfupa wa kutengenezwa wenye vichocheo vya ukuaji?

Mtoa mada (muuguzi, wodi ya mifupa, Mbeya)

Wakuu, msimamo wangu nauweka wazi kabla sijaulizwa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita 2023, na kila mwenye ndugu mgonjwa ana lake anataka liingie kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia. Safari hii hoja ni vipandikizi vya mfupa vya kutengenezwa, vile vyenye matundu kama sifongo, vya kolajeni (protini ya mfupa) au vya kalsiamu fosfeti (madini ya mfupa), vilivyolowekwa vichocheo vya ukuaji ili pengo la mfupa lijijaze. Nasema hapana. Si kwa fedha tulizonazo sasa.

Anayeijua barabara ya Tunduma anajua mapengo haya yanatoka wapi. Lori na bodaboda, pale Iwambi, mfupa wa ugoko umetoka nje na vipande vingine vimebaki kwenye lami. Majeruhi anafikishwa kituo cha afya, anafungwa bandeji, anaandikiwa rufaa, halafu anasubiri gari. Antibayotiki ambayo alitakiwa aipate ndani ya saa ya kwanza anaipata usiku, au kesho yake. Udongo umo ndani ya kidonda bado. Baada ya wiki chache ni usaha, mfupa uliokufa unaondolewa kipande kwa kipande, na pengo lililokuwa dogo linakuwa la kutisha.

Mapengo mengi ninayofunga bandeji hayakuletwa na lori peke yake. Yaliletwa na masaa ya kusubiri. Chupa za dripu za kuoshea kidonda, antibayotiki kwenye kila kituo cha barabara kuu na vyuma vya nje vya kushikilia mfupa, hizi antena, kwenye kila hospitali ya wilaya: vitu hivyo ndivyo ningevinunua kwanza.

Mzazi, Mafinga

Kamwene, mwanangu. Nimesoma yote na nimeumia. Kijana wangu hakupanda bodaboda. Alianza na homa, paja likavimba, wakasema mfupa una usaha. Walipomaliza kutoa kilichooza, kukabaki nafasi. Wakachukua mfupa kwenye nyonga yake kujazia, na haukutosha. Mpaka leo analalamikia nyonga kuliko paja. Wewe unazungumzia saa ya kwanza, ila kwetu hapakuwa na saa ya kwanza. Kama ipo dawa ya kuotesha mfupa bila kumchimba mtoto mahali pengine, kwa nini iwe ya wenye fedha tu?

Mtoa mada

Shikamoo mama, na pole sana. Kwa kijana wako nitajibu kwa uangalifu, maana usaha wa mfupa kwa watoto ni janga ambalo huku nyanda za juu tunaliona na hatulisemi vya kutosha.

Vichocheo hivi vina historia ndefu. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Marekani, Marshall Urist, aliandika jinsi alivyopandikiza mfupa ulioondolewa madini ndani ya misuli ya wanyama, na mfupa mpya ukaota mahali ambapo haukuwahi kuwepo. Protini zinazofanya kazi hiyo ndizo zinaitwa BMP. Ya pili kati yake, BMP-2, iliruhusiwa Marekani 2002 kwa kuunganisha pingili za mgongo, na 2004 kwa mfupa wa ugoko uliovunjika na kutoka nje. Lakini maelekezo yake yanakataza isitumike kwa ambaye mifupa bado inakua, kwa mjamzito, kwa mwenye saratani, na penye maambukizi. Mama, kijana wako angekataliwa mara mbili, kwa umri na kwa usaha. Hata bima ingelipa.

Daktari wa mifupa, Iringa

Naomba niwe katikati kidogo, kwa sababu muuguzi ana haki lakini amekwenda haraka mno.

Utafiti ulioifungulia BMP-2 mlango wa ugoko ulichapishwa 2002 ukiongozwa na Govender wa Durban, na ulikuwa na wagonjwa 450. Hii haikuwa dawa iliyojaribiwa Ulaya tu. Waliopewa dozi kubwa, miligramu 1.5 kwa mililita, hatari ya kurudishwa chumba cha upasuaji kwa sababu mfupa umechelewa kuunga ilipungua kwa asilimia 44. Ni matokeo ya maana. Ila mwaka 2011 ukatoka utafiti mwingine wa wagonjwa 277, safari hii wote wamewekewa chuma cha ndani kwa kuchonga tundu la mfupa kwanza. Faida ile haikuonekana. Yaani ukiweka chuma vizuri, kichocheo kinabaki na kazi ndogo.

Na kwenye mgongo mambo yaliharibika zaidi. 2008 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba kuitumia shingoni kunavimbisha koo hadi mtu anashindwa kupumua. 2011 jarida la wataalamu wa mgongo likaonyesha kwamba tafiti za mwanzo, zilizogharimiwa na kampuni, ziliripoti madhara machache kuliko yaliyokuwepo. Mimi hilo linanikasirisha kuliko bei. Na bei yenyewe ni maelfu ya dola kwa pakiti moja.

Sasa upande wa sifongo lenyewe, bila kichocheo. Hapa ndipo sikubaliani na mtoa mada. Kalsiamu fosfeti yenye matundu ya mikroni 300 hivi (karibu theluthi ya milimita), yanayopitiana, inaruhusu mishipa ya damu kuingia na mfupa kufuata. Haioteshi mfupa yenyewe, na ni dhaifu: ukimwambia mgonjwa akanyage inapasuka, kwa hiyo chuma lazima kiwepo. Lakini ukiichanganya na mfupa kidogo wa nyonga, unachimba kidogo na unajaza pakubwa. Kwa mtoto mwenye nyonga ndogo hilo si anasa.

Na ipo njia ambayo haitajwi kwenye mijadala hii. Mfaransa Masquelet aliianza miaka ya 1980. Unasafisha pengo, unalijaza saruji ya mifupa yenye antibayotiki, unafunga, unasubiri wiki sita hadi nane. Mwili unaizungushia saruji utando. Unaufungua, unaitoa saruji, unaweka mfupa ndani ya utando huo na kuushona. Utando huo unatoa vichocheo vya ukuaji wenyewe, BMP-2 ikiwemo. Kile kinachouzwa kwa maelfu ya dola mgonjwa anakitengeneza mwilini mwake, kama tumemsafisha vizuri na tumekuwa na subira.

Mwanafunzi wa uhandisi, Mbeya

Daktari, hiyo kalsiamu fosfeti tunaweza kuipata hapa hapa. Mifupa ya ng'ombe ukiichoma kwenye tanuru la joto kali, inabaki haidroksiapataiti, madini yale yale ya mfupa wa binadamu, na matundu yake ya asili. Machinjio yetu yanatupa mifupa kila siku. Kwa nini tuagize?

Mfamasia

Kijana, wazo ni zuri na usiliache. Ila kati ya unga wa maabara na kitu cha kuwekwa ndani ya mtu kuna njia ndefu: usafi wa kuua vimelea vyote, uthabiti wa kila toleo, uhakika wa mnyama alikotoka, kisha usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Njia hiyo inapitika. Lakini isianzie kwa mgonjwa wa hospitali ya Rufaa ambaye hana pa kwenda kulalamika.

Mzazi, Mafinga

Daktari, ahsante. Hiyo saruji yenye antibayotiki, mwanangu hakuwekewa. Ni kwa sababu hamna, au ni kwa sababu hatukuambiwa?

Daktari wa mifupa, Iringa

Mama, faili la kijana sijaliona, siwezi kumsemea aliyemtibu. Ila nakwambia ukweli wa kazi yetu: saruji ikikosekana stoo, ndugu anapewa karatasi akanunue nje. Mwenye nacho anarudi nayo. Asiye nacho tunaendelea na kilichopo.

Mtoa mada

Basi ombi langu nalipanga upya, na wenye kupinga wapinge hili. Kichocheo cha kununua kisiingie kwenye kitita. Kiingie chuma cha nje, saruji ya mifupa yenye antibayotiki, na kalsiamu fosfeti tupu kwa ambao nyonga yao haitoshi, watoto wakitangulia. Na antibayotiki ya saa ya kwanza isiwe suala la bima kabisa. Majeruhi wa barabarani asiulizwe kadi kabla ya sindano.

Mzazi, Mafinga

Nakubali yote isipokuwa neno moja. Umesema "kisiingie". Andika "kisiingie kwa sasa", na andika nani atakaa kulitazama tena na mwaka gani. Vya kwetu vikishaondolewa kwenye orodha, sijaona vikirudi.