Nataka kuwakusanya majirani tuchore mimea, kila mtu anasema hajui kuchora. Nianzeje?

Mama Mkeka:
Wakuu, habari za Jumapili. Naomba ushauri. Wa kucheka wacheke, ila wakimaliza wanipe jibu.

Naishi Tabata, mtaa wa nyumba zilizobanana ukuta kwa ukuta. Tunajuana kwenye kundi la WhatsApp: maji yamekatika, gari la taka limepita, nani hajalipa mchango wa ulinzi shirikishi. Ana kwa ana tunakutana msibani. Mimi napenda kuchora maua na majani tangu zamani. Sina ufundi wa kutisha, ila nikikaa na jani nusu saa kichwa kinatulia.

Nimewaza kila baada ya wiki mbili, Jumapili jioni, tukae chini ya mwarobaini ulio karibu na ofisi ya serikali ya mtaa, tuchore mmea mmoja tu, tunywe chai, kila mtu arudi kwake. Bure kabisa. Niliowagusia wote wamenijibu kitu kimoja: "Mimi sijui kuchora." Kinababa wawili wanasema watakuja kutazama tu. Halafu kuna dada mmoja anachora utadhani kapiga picha, naogopa akija wenzake watafunga madaftari.

Nianze na mmea gani? Vifaa gani visivyoumiza mfuko? Na nifanyeje lisigeuke darasa? Sitaki kuwa mwalimu wa mtu, nataka watu wakae pamoja.

Kijana wa Kimara:
Watu wazima wakachore majani Jumapili, Simba anacheza? Huo mtaa wenu hauna banda umiza?

Nipo Nasoma:
Naweka kigoda hapa.

Mwl wa Baio:
Dada, hao wanaosema hawajui kuchora waulize walisoma mpaka wapi. Aliyepita sekondari na baiolojia yake alishachora ua la haibiskasi lililopasuliwa katikati, stameni na ovari zikionekana, mistari ya majina imenyooshwa kwa rula. Walichora, tena wengi walichora vizuri. Kinachowasumbua ni maksi.

Nasema hivyo kwa sababu mimi ndiye ninayezikata. Mchoro wa baiolojia hautakiwi kuwa na kivuli. Mstari uwe mmoja, usiwe na manyoya. Penseli iwe kali, mchoro uwe mkubwa, uwe na kichwa cha habari. Masharti hayo yana maana maabara, mtahini anatafuta sehemu za ua wala hajali urembo. Ila mtu akiondoka nayo shuleni na kukaa nayo mpaka uzeeni, siku ukimpa penseli anasubiri peni nyekundu.

Kwa hiyo siku ya kwanza yavunje makusudi. Kila mtu ashike jani mkono mmoja, penseli mkono mwingine, macho yabaki kwenye jani, marufuku kutazama karatasi. Penseli itembee taratibu kama sisimizi anayezunguka ukingo wa jani, na isinyanyuliwe mpaka irudi ilikoanzia. Dakika moja inatosha. Vitatoka vituko! Huyo dada yako wa picha naye atatoa kituko, na hapo ndipo mtakapokuwa sawa.

Mmea wa kuanzia: mpapai. Jani kubwa, kila mtu analiona hata akikaa mbali.

Fundi Brashi:
Mwalimu nakuunga mkono kasoro hapo kwenye mpapai. Jani la mpapai lina vidole, na kila kidole kina vidole vyake. Mgeni atachora viwili, cha tatu kitamshinda, atajiona mjinga. Anza na jani la mwembe: moja, refu, mshipa wa kati unaonekana, mishipa ya pembeni imejipanga kwa nafasi. Mtu anamaliza, anatabasamu, kikao kijacho anarudi.

Vifaa, dada: rimu moja ya A4 mgawane. Ubao wa kushikia, kata maboksi ya sabuni, bana karatasi kwa vibanio vya nguo. Penseli 2B, maana HB ni kavu, mtu anakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Raba iache nyumbani. Raba ikiwepo mtu anafuta nusu saa, anachora dakika tano. Kuna siku leta peni za kawaida tu, kwa kuwa hazifutiki utashangaa watu wanavyotulia. Rangi za maji ziache kwanza, zinataka brashi nzuri na karatasi nzito, na hapo ndipo bure inapoishia.

Mchezo mmoja wa kuwaunganisha: kila mtu aanze mchoro, baada ya dakika mbili ampe wa kulia kwake, naye aendelee. Karatasi ikizunguka duara zima hakuna mwenye kusema mchoro huu ni wangu, kwa hiyo hakuna wa kusifiwa wala wa kuchekwa.

Pesa Kwanza:
Naona fursa inapotea. Toza elfu tano kwa kichwa, weka chai na vitafunwa, piga picha, fungua ukurasa. Watu wa mjini wanalipia utulivu siku hizi.

Mama Mkeka:
Mkuu, nikitoza elfu tano mama wa genge hatakuja, na yeye ndiye mtu wa kwanza ninayemtaka.

Nairobi Kwetu:
Salamu kutoka kwa jirani. Sisi tulikuwa na kikundi kama hicho, tukikutana pale Arboretum, bustani ya miti ya tangu 1907, iko karibu na Ikulu ya Nairobi. Miti kutoka kila pembe ya dunia, tumbili pia wa kukuibia ndizi ukizubaa. Kilichotuvunja ni hizo picha anazozipendekeza Pesa Kwanza. Kila tukimaliza mtu anaweka michoro mtandaoni, huyu anapata likes nyingi, yule anapata mbili, tena moja ni ya dadake. Waliopata mbili waliacha kuja bila kuaga. Weka sharti hilo mapema: michoro haipigwi picha, anayetaka aende na wake nyumbani.

Na wakisema kuchora maua ni kupoteza wakati, waambie kuhusu Joy Adamson. Wengi wanamjua kwa simba wake Elsa, lakini kabla ya simba alikuwa akichora mimea ya Kenya. Alianza akiwa mke wa Peter Bally, mtaalamu wa mimea. Bally alikusanya, Joy akachora.

Mzee wa Muheza:
Mwanangu, usihangaike na hao kinababa wawili. Waache waje watazame, ila wape majani wakushikie. Wanaume hatuongei tukiwa tumetazamana usoni. Huku kwetu msimu wa machungwa tunakaa tukichambua, makubwa huku, madogo kule, macho yako kwenye chungwa, na hapo ndipo mtu anakwambia mwanawe ameacha shule au shamba liko hatarini kuuzwa. Ungemkalisha kwenye kiti ukamuuliza, angesema mambo ni mazuri. Jani litakufanyia kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo usiwanyamazishe wakianza kuongea, na usijaze ukimya kwa maelekezo.

Mkikomaa, pandeni huku Amani. Wajerumani walianzisha bustani ya utafiti wa mimea mwaka 1902, na miti ya kale bado ipo. Kaua kale ka zambarau kanakouzwa kwenye vyungu Ulaya nzima asili yake ni milima hii ya Usambara. Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alipeleka kwao mwaka 1892, na jina la kitaalamu walilokapa wakati huo, Saintpaulia, likabeba jina lake. Petali tano, majani yenye vinyweleo. Kanachoreka, hakana ujanja.

Bibi Mrehani:
Mnaenda mbali na mwarobaini uko juu ya vichwa vyenu. Kikonyo kizima kina majani mengi, kitawachosha, kweli. Chuma jani dogo moja tu kati ya yale yaliyojipanga pande mbili, liweke mkekani mlitazame. Pale chini karibu na kikonyo, upande mmoja ni mpana kuliko mwingine, halijakaa sawa. Nimechemsha majani hayo toka ujana wangu na sikuliona hilo mpaka mjukuu aliponiambia nimchoree.

Bogenvilia nayo mtaipenda. Hayo ya waridi tunayoyaita maua ni majani yaliyojitia rangi. Ua lenyewe ni kale kadogo keupe katikati.

Ila nakuonya, mwarobaini ukitajwa tu kila mtu ana dawa yake. Kikao kitakuwa zahanati. Wakianza malaria na sukari, waambie mgonjwa aende hospitali, halafu gawa chai.

Kijana wa Kimara:
Bibi umenifanya nitoke nje kuangalia mwarobaini wa jirani. Ni kweli, halijakaa sawa. Mechi ikiwa Jumamosi, Jumapili naweza kuja. Sijasema nakuja.

Mama Mkeka:
Asanteni sana. Naanza na jani la mwembe, peni badala ya penseli, raba hazikaribishwi, picha hakuna. Kiwe kikao cha saa moja, kuanzia saa kumi na nusu, jua likiwa limepungua. Swali la mwisho: kinamama watakuja na watoto, na watoto watataka kuchuma kila kitu. Pembeni ya uwanja kuna uzio wa mnyaa.

Mwl wa Baio:
Basi nyie kaeni upande wa pili wa uwanja. Utomvu mweupe wa mnyaa ukiingia jichoni unaunguza vibaya, na mtoto akivunja kijiti lazima ajipanguse usoni. Likitokea hilo, osha jicho kwa maji mengi safi moja kwa moja na mkimbize hospitali. Wape watoto kazi ya kuokota majani yaliyoanguka, walete kumi yasiyofanana, ndiyo mtakayoyachora kikao cha pili.

Fundi Brashi:
Na peni zinunue za ziada. Zile utakazowapa watoto hazirudi.