Kim Woo-jin ndiye mpiga upinde bora wa wakati wote?

Ngomeni: Paris 2024 kazoa zote tatu: timu, timu mseto (mume na mke) na mtu mmoja mmoja. Ukijumlisha dhahabu za timu za Rio na Tokyo ni 5, na hakuna Mkorea mwenzake mwenye nyingi hivyo katika Olimpiki. Anayebisha aje.

Kitovu: Nabisha. Kim Soo-nyung, yule dada wa Korea, ana 4, na timu mseto imeingia Tokyo tu, zama zake haikuwepo. Seoul 1988 alibeba mbili akiwa na miaka 17! Huyo wako Rio alipiga 700 kati ya 720 kwenye raundi ya kupanga nafasi, rekodi ya dunia, halafu akang'olewa mapema na Mwindonesia.

Ngomeni: 1988 ilikuwa kujumlisha pointi tu, mita 70 mpaka 30. Hakuna mtu mbele yako anayekupiga 10 usoni. Fainali ya Paris, Woo-jin na Mmarekani Ellison seti ya tano wamefungana 30-30, kila mmoja 10 tatu, wakaenda mshale mmoja wa kuamua.

Mti_Mkavu: Na huo mshale bahati tupu, kamzidi kwa milimita 5 sijui karibu na katikati. Na njia yenyewe laini, alianza na Mchadi, Madaye, aliyepiga 1 kwa mshale mmoja 😂

Kitovu: 4.9. Zote mbili zilikuwa 10.

Baharia_70: Tuache Madaye. Seti ya kwanza alipata 26 kati ya 30, hao wanaocheka wangekosa hata ubao. Duara la 1, la nje kabisa, liko kama sentimita 55 kutoka katikati. Kwa mita 70 hiyo ni chini ya nusu digrii ya kosa. Vidole vikichomoa uzi badala ya kuuachia, imekwisha.

Mti_Mkavu: Hakuvaa hata kinga ya kifua, mkuu.

Baharia_70: Kinga kazi yake kubana nguo. Fulana ikiwa imebana, uzi unapita bila kugusa. Ikilegea, uzi unaikwaruza na mshale unapotea. Wewe umeona iligusa?

Mti_Mkavu: Mtaalamu wa televisheni kaanza.

Zumari: Mimi nauliza klika. Kile kibati chembamba kinachokaa juu ya ncha ya mshale: ukivuta mpaka kipimo chako kinaanguka "tik", unaachia. Sekunde ni 20 kwa mshale. Kisipoanguka, dawa ni kushusha upinde na kuanza upya, lakini saa inakimbia, watu wanalazimisha: bega linapanda, mkono wa upinde unaanguka. Woo-jin hapo ndipo anapowazidi, anaachia mapema, hangoji saa imsukume.

Ngomeni: Haya, turudi kwenye mada.

Kitovu: Mada ni kwamba hata London 2012 hakwenda, na alikuwa bingwa wa dunia wa 2011.

Ngomeni: Mchujo wa Korea hauangalii jina, mzee. An San, mpiga upinde wao wa kike, kachukua dhahabu tatu Tokyo na Paris hakuitwa. Kwa hiyo kutokwenda London ni hoja ya ugumu wa Korea, si ya udhaifu wake.

Kitovu: Basi Soo-nyung aliyestaafu, akarudi, akapita mchujo huohuo na kubeba dhahabu ya timu Sydney 2000 umweke wapi?

Mti_Mkavu: Bado hajajibiwa kuhusu fulana.

Baharia_70: Wewe jibu kwanza, iligusa au haikugusa?